Je, kampuni kubwa zimeipokea programu huria, yaani ile ambayo yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha msimbo wake, kwa dhati, au zimebadilisha maneno tu?

Mwanzisha mada
Mwaka 2001 Steve Ballmer, akiwa mkuu wa Microsoft, aliifananisha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta ulio huria, na saratani. Mwaka 2018 kampuni hiyohiyo iliinunua GitHub, ghala la miradi mingi mno ya programu huria, kwa dola bilioni 7.5. Wapo wanaoiita toba. Mimi naiita biashara, kwa kuwa kuanika msimbo hadharani ni jambo moja, na kumpa mtu wa nje sauti katika maamuzi ni jingine kabisa. Itazameni Visual Studio Code, programu ya Microsoft ya kuandikia msimbo: msimbo wake umetolewa kwa leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha, lakini programu unayoipakua kwao ikiwa tayari ina leseni yao wenyewe. Je, tuwaamini? Na tuambiane ukweli, vijana wengi wa Nairobi huipenda programu huria kwa kuwa ni ya bure, wala hawarudishi chochote.

Mchangiaji wa Ngara
Sentensi hiyo ya mwisho imenichoma, nami naanza nayo. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani, ilizaliwa Kenya mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na msimbo wake ukaachiwa dunia nzima. Huko si kurudisha? Mimi mwenyewe niliona fomu katika mradi wa kampuni moja kubwa ikikataa jina Ng'ang'a kwa sababu ya ritifaa, nikatuma marekebisho ya mistari minne. Roboti ya mradi, yaani programu inayojibu yenyewe, ilinidai nitie saini mkataba wa wachangiaji, nikatia. Miezi kumi na mmoja ikapita bila binadamu hata mmoja kuniandikia neno, kisha roboti ileile ikalifunga ombi langu kwa madai kwamba limekaa sana. Kabla ya kutulaumu kwamba hatuleti, uliza ni nani anayepokea.

Mchangiaji wa Kasarani
Pole, ndugu yangu. Nimeajiriwa katika kampuni ya aina hiyo, na naweza kukuambia kwamba mara nyingi kimya hicho si dharau: mradi huwa na watu wawili, na wote wamepangiwa kazi nyingine. Hata hivyo, tusiwafunge wote katika tita moja. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulikia hifadhidata huria ya PostgreSQL, aliona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kukichelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia hadi akakuta mlango wa siri wa kuwapitisha wavamizi ndani ya xz, zana huria ya kubana mafaili, kisha akautangaza kwa wote. Kwa miaka mingi zana hiyo ilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea.

Mchangiaji wa Ngara
Freund namheshimu sana, lakini mfano wako unanisaidia mimi. Kampuni tajiri ziliitegemea xz huku mtunzaji wake akichoka peke yake. Ukisema mradi wenu una watu wawili, umekiri kwamba mlifungua msimbo bila kumwajiri bawabu.

Mwanzisha mada
Nalifuta neno langu kuhusu vijana, na naomba radhi. Swali langu basi nalirekebisha: je, kampuni ilazimike kutenga watu wa kusoma michango ya nje kabla ya kujiita rafiki wa programu huria?

Mchangiaji wa Kasarani
Ndiyo, na ndani ya kampuni nimelidai hilo bila kufanikiwa. Nitumie nambari ya ombi lako, ndugu wa Ngara, nijaribu kulifungua upya.

Mchangiaji wa Ngara
Nimekutumia. Mpaka leo fomu ile inamlazimisha Ng'ang'a ajiandike Nganga.