Mpemba naitwa kupanda Stelvio kwa baiskeli: nitaweza au n'takwenda kuchekwa?

Kijana wa Bofulo

Asalaam alaykum. Mie mzaliwa wa Wete. Tangu nna miaka kumi na tatu nikisambaza mikate ya bofulo kwa baiskeli alfajiri, Wete mpaka Konde, tenga nyuma, mvua isimame isisimame. Siku hizi niko Jambiani, natembeza wageni kwa baiskeli. Mwaka jana nilimpata Mtaliana mmoja, mzee wa miaka sitini na kitu. Tulikwenda mpaka Makunduchi kusi linatupiga usoni, akaona sihemi. Akanambia, wewe lazima uje kwetu Italia upande Stelvio, barabara ya mlimani. Nikadhani maneno ya wageni tu, wakishafika kwao hawakujui. Kumbe kweli. Mwezi huu kaniletea mwaliko, tikiti juu yake, safari Septemba.

Nimetizama picha nikaingiwa na kitete. Barabara imejikunja kama utumbo. Kimo mita 2,757! Mie pahala pa juu nilipopata kufika ni ghorofa ya tano, tena kwa lifti. Kuna yeyote kwetu aliyewahi kufika? Nijitayarishe vipi na kisiwa hiki hakina mlima?

Mtoto wa Mkoani

Mlima unaoujua weye ni ngazi za meli pale bandarini, na hapo nilikuona umekaa kitako kupumzika 😂

Fundi Pampu

Waalaykum salaam mwanangu. Huyo asikutie unyonge. Mie nimefika. Nilikaa Italia miaka sita, kazi yangu jikoni, kuosha masufuria mpaka nikapandishwa kukata vitunguu. Siku zangu za mapumziko nilikuwa naendesha baiskeli. Stelvio nimeipanda mara moja na sikurudi tena, na sababu yenyewe si kupanda.

Nikupe njia kwanza. Nilishuka treni Spondigna, nikaendesha mpaka kijiji cha Prato, chini kabisa. Watu wa huko wanasema Kijerumani ijapokuwa ni Italia. Zamani ilikuwa nchi ya Austria, na barabara hii ni wao walioichonga, 1820 mpaka 1825, kwa mhandisi aitwaye Carlo Donegani. Wakati huo Sayyid Said hata makao hajayahamishia Unguja. Kutoka Prato mpaka juu ni kilomita 24 na ushei, unapanda mita 1,800 na zaidi. Wastani wake kila ukienda mita 100 umepanda saba na nusu. Weye uliyepanda na tenga la mikate vilima vya Pemba asubuhi na mapema, miguu unayo. Tafauti ni moja: kilima cha kwetu ukikichukia, baada ya dakika tano kimekwisha. Kile hakiishi.

Kona ziko 48, na zimeandikwa namba. Zinahesabiwa kurudi nyuma: chini unaanza na 48, kileleni ni 1. Mwanzo unafuata mto, hakuna kona, unajiona bingwa. Hapo ndipo wengi wanapojimaliza. Ukipita kijiji cha Trafoi unaingia msituni, kona juu ya kona. Halafu miti inakwisha ghafla, unainua kichwa, unaiona barabara yote iliyobaki imening'inia ukutani mbele yako, na vigari vidogo kama siafu. Nilishuka kwenye baiskeli nikasoma Ayatul Kursiy. Sioni haya kusema.

Pumzi itapungua, hewa kule juu haifiki robo tatu ya hii yetu. Usishindane na mtu. Wazee wa pale watakupita wanaongea habari za wajukuu zao, waache wapite. Mie nilitumia saa tatu na dakika ishirini. Mfukoni nilikuwa na halua ya Wete niliyoletewa na dada yangu, nimeikata vipande nikaifunga kwenye karatasi ya nailoni. Wenzangu wana vipakiti vyao vya sukari vya kununua, nikawaonjesha halua, mmoja akataka kujua inauzwa duka gani.

Sasa sikiliza. Kileleni kumejaa maduka, mahoteli, pikipiki, moshi wa soseji. (Soseji zenyewe uliza kwanza, nyingi za nguruwe.) Nilifika nimelowa jasho, nikakaa kupiga picha robo saa. Chini kulikuwa na joto la kuvaa fulana. Lakini kila ukipanda mita 1,000 baridi inazidi kama nyuzi sita, basi fanya hesabu. Upepo ukaingia kwenye jasho. Nikaanza kushuka na fulana ile ile, mikono mitupu. Kona ya kumi sivisikii vidole. Kona ya kumi na tano nakamata breki na sijui kama nimekamata. Natizama mkono kwa macho ndio nijue umefanya nini. Mkono wako mwenyewe, mwanangu! Nikaingia kona upande wa gari zinazopanda. Dereva alipiga honi, nikapita baina yake na ukuta. Nikasimama, nikatia mikono kwapani, nikalia kama mtoto. Babu mmoja wa Kitaliana akasimama, hakuuliza kitu, akachomoa gazeti kwenye begi lake akanitia kifuani chini ya fulana. Ndivyo walivyokuwa wakifanya waendeshaji wa zamani, gazeti linazuia upepo. Nilifika Prato na habari za mpira zimechapika kifuani kwa jasho.

Kwa hivyo kupanda usikuogope. Nguo kavu, koti la upepo na glavu za vidole vizima, ndani ya begi, na uvae KABLA hujaanza kupiga picha. Breki usizing'ang'anie kutoka juu mpaka chini, rimu inapata moto. Kamata, achia, kamata. Na wakikupa baiskeli ya mashindano, hesabu meno ya gia kabla hujasifu rangi: mbele 34, nyuma 32 au zaidi. Ya nyuma yakipungua hapo utaikokota.

Mazoezi? Kusi ndio mlima wetu. Toka Jambiani kila siku uende nalo uso kwa uso, gia nzito, saa mbili bila kusimama.

Binti Kikwajuni

Ami Pampu umenichekesha na gazeti, lakini niongeze. Wangapi wanajua kuwa 1953, kwenye Giro, mashindano ya baiskeli ya kuzunguka Italia, Mtaliana Fausto Coppi alimwacha Mswisi Hugo Koblet kwenye mlima huu huu na akatwaa ushindi wote? Ndio mwaka wa kwanza Giro kupita hapo. Mpaka leo pahala pa juu kabisa pa kila Giro panaitwa kwa jina la Coppi.

Kaka, mwambie mwenyeji wako mwende siku ya kazi, asubuhi mapema, maana mwishoni mwa wiki pikipiki hazina adabu. Na wakitaka kukushusha upande wa pili, wa mji wa Bormio, mna mahandaki, chukua taa. Mie ningeshukia njia ya Umbrail, unaingia Uswisi, unazunguka kupitia mji wa Glorenza mpaka Prato. Pasipoti iwe mfukoni. Na theluji Septemba inawezekana, siku hiyo ikianguka usilazimishe.

Kijana wa Bofulo

Ahsanteni sana. Ami, hapo kwenye mkono nimesoma mara mbili. Sasa glavu za baridi Unguja hii n'tazipata wapi? Nimeuliza duka moja, akanionesha za kuoshea vyombo.

Fundi Pampu

Mitumba, Darajani. Marobota ya nguo za baridi hayana mteja, bei ya kutupa. Jaribu kukamata breki nazo kabla hujalipa. Nenda na baiskeli yako hapo hapo sokoni, wacha wakutizame.

Mtoto wa Mkoani

Na mie niletee soseji. Ya kuku.