Fundi rangi wa nje ya nyumba huku Nyanda za Juu Kusini: tupeane uzoefu

Mkazi wa Uyole
Habarini za kazi, ndugu zangu. Nyumba yangu tulipiga plasta ya nje Februari, mvua ikiwa imechachamaa, na mwanzoni mwa Machi nikaita fundi apake kwa sababu mtoto alikuwa na kipaimara na wageni walikuwa wanatoka mpaka Kyela. Ilipendeza kweli. Novemba mvua ziliporudi, ukuta kuanzia usawa wa goti kushuka chini ukavimba malengelenge. Ukiligusa moja linapasuka, ndani kuna unga mweupe kama magadi. Leo upande wa jikoni umemenyuka kama kiazi kilichochemshwa. Fundi nilielekezwa na jirani ambaye alipakiwa vyumba vya ndani; sikwenda kuona hata nyumba moja aliyopaka nje ikapita masika. Nataka kurudia na sitaki kuumia tena. Mliowahi kuita mafundi kwenye baridi na mvua zetu hizi, mlimpataje, mlikubaliana vipi, na ukuta ukoje leo?

Mbena wa Makambako
Pole sana. Mimi iliyoniumiza ni baridi. Tulipaka Julai, nikijua kiangazi ndiyo wakati wake. Fundi akawa anaanza saa moja asubuhi, ukungu haujaondoka na ukuta una umande. Upande wote wa mashariki ukatoka na michirizi, ukipitisha kiganja kinajaa vumbi la rangi. Mzee mmoja wa kazi hiyo ndiye aliyenieleza kwamba rangi ya maji ikipakwa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10, maji yanaondoka lakini rangi yenyewe haishikani. Akarudia yeye, anaanza saa nne, saa tisa anaosha brashi. Siku ziliongezeka. Mwaka wa nne huu, ukuta haujanidai kitu.

Gangilonga, Iringa
Kamwene! Hesabu ya rangi pigeni wenyewe kabla fundi hajawaandikia. Yangu kuzunguka nyumba ni mita 44, urefu mita 3, nikatoa milango na madirisha zikabaki kama mita za mraba 110. Kwenye ukuta laini lita moja inafunika mita za mraba 8 hadi 12 kwa koti moja, yaani mpako mmoja. Koti mbili, basi, ndoo moja ya lita 20 na galoni mbili za lita 4 zinanitosha. Niliandikiwa ndoo nne. Nilinunua mwenyewe, zote siku moja na zenye namba moja ya toleo, kwa sababu dada yangu aliongeza ndoo wiki mbili baadaye na ukuta wake wa mbele una weupe wa aina mbili hadi leo.

Binti wa Tukuyu
Huku kwetu mvua haina likizo, adui ni kuvu. Ukuta wa kusini, wenye migomba nyuma yake, ulikuwa mweusi. Fundi wa kwanza alipaka juu yake, kuvu likachomoza upya ndani ya miezi michache. Wa pili alichanganya jiki na maji, moja kwa tatu, akapaka, akaacha kama robo saa, akasugua, akasuuza, akasubiri pakauke kabisa. Kazi ya siku tatu kabla ya kufungua ndoo. Nililalamika wakati ule, na nimemwomba radhi.

Fundi, Mwanjelwa
Mkuu wa Uyole, hayo malengelenge si ya rangi, ni maji. Plasta mpya inataka siku 28 za hali kavu, na ya masika inataka zaidi. Ukiifunika mapema, maji yanatafuta pa kutokea na yanatoka na chumvi. Kwa kuwa imeanzia chini, chunguza pia kama udongo umepanda juu ya msingi, na kama gata linamwaga maji pembeni mwa ukuta. Kipimo chepesi: kata nailoni, ibandike ukutani pande zote kwa utepe wa gundi, iache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ukutani, usinunue rangi.
Na niseme la kwetu mafundi. Mteja anakubali kulipia koti mbili, ukimtajia kukwangua, msasa, kuziba nyufa na praima (mpako wa chini wa kushikisha rangi) anasema unamwongezea gharama. Fundi mwenye njaa anaviruka. Andikeni vyote kwenye makubaliano, kila kimoja na bei yake. Mimi napokea theluthi ya ufundi nikianza, theluthi baada ya praima mwenye nyumba akiwa ameikagua, iliyobaki nikimaliza. Rangi ananunua mwenye nyumba.

Mkazi wa Uyole
Asanteni sana, nimepigwa na butwaa. Udongo umepanda kweli, tulijaza bustani ya mama watoto upande ule ule wa jikoni. Kesho nauchimba. Gata linafuata, nailoni nitabandika Agosti, na rangi Septemba kabla ya mvua. Fundi wa Mwanjelwa, naomba unionyeshe nyumba mbili ulizopaka zikapitiwa na masika. Binti wa Tukuyu, ile jiki haikuunguza migomba?

Binti wa Tukuyu
Hapana kaka. Tuliimwagia maji mengi kabla, na tena baada ya kusuuza. Mmoja tu ulinyauka majani, ule uliogusana na ukuta, na tuliukata.