Naomba ushauri: kuongeza suichi ya tatu kwa steki bila kukata mtandao

Wakuu habari zenu, niko Malindi kwa hoteli moja hapa, tuna suichi za mtandao Cisco 3850 mbili ziko steki (zimeungwa kwa kebo zifanye kazi kama moja) na nataka kuongeza ya tatu, lakini meneja hataki kusikia mtandao umekatika hata dakika, wageni wamejaa na malipo yote yanapita humo. Ninavyojua hiyo mpya niiunge ikiwa imezimwa, maana ikiwa inawaka zitagombania umasta (ipi iongoze steki) na upande ulioshindwa unajizima na kuwaka upya, halafu programu ziwe toleo moja, na prayoriti ya masta (namba ya kuamua ipi iongoze) niiweke 15 kabisa, ile ya juu zaidi. Wasiwasi wangu ni kebo, zile za steki zimezunguka kama ringi, nikichomoa moja ile ingine si itabeba peke yake? Aliyewahi kufanya anambie, nisubiri usiku ama mchana tu?