Kusawazisha skrini kwa macho, kwa kifaa, au kununua monita mpya: mpiga picha wa Lamu aanze na lipi?

Mpigapicha wa Langoni
Waungwana, asalaam aleikum. Kazi yangu ni kupiga picha za nyumba za wageni huko Shela na za harusi hapa mjini, na zote nazihariri kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Ukuta wa chokaa ambao kwangu ni mweupe, kwenye monita ya mwenye nyumba una umanjano, na kwenye simu yake unaelekea buluu. Za harusi nazo ni vivyo hivyo, kwani mikunjo ya mabuibui ninayoiona bayana, kwa mteja inamezwa na weusi. Naweza kusawazisha skrini kwa macho nikitumia programu iliyomo ndani ya Windows, kununua kifaa cha kupima rangi, au kutafuta monita bora. Fedha zinatosha njia moja tu.

Fundi wa Mkomani
Wa aleikum salaam. Kabla ya kulinganisha, inafaa ifahamike kwamba faili ya picha haibebi rangi, bali hubeba namba. Katika JPEG ya kawaida kila pikseli ina namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255, na skrini ndiyo inayoamua namba hizo ziwe mwanga wa namna gani. Mwaka 1996 HP na Microsoft walipendekeza kipimo cha sRGB ili mashine zipate kuelewana, nacho ndicho kinachotegemewa zaidi kwenye intaneti hadi leo. Lakini paneli, yaani vioo vya skrini vinavyoonyesha picha, hazitoki kiwandani zikiwa sawa, taa zake huchakaa, na kila mwenye skrini huongeza mwangaza apendavyo.

Njia ya macho hairekebishi ila kasoro kubwa, kwa sababu jicho likikaa mbele ya weupe wenye umanjano huuzoea na kuuhesabu kuwa ni weupe safi. Kifaa hakizoei. Hubandikwa kwenye kioo, hupima rangi moja baada ya nyingine, kisha programu hutengeneza profaili ya ICC inayoeleza jinsi skrini hiyo inavyokosea. Mimi ningenunua Spyder au mojawapo ya vile vya Calibrite, nikalenga weupe wa kelvini 6500 (kipimo cha weupe kuelekea umanjano au buluu), gama 2.2 (jinsi mwanga unavyopanda kutoka weusi hadi weupe), na mwangaza wa kandela 80 hadi 120 kwa kila mita ya mraba.

Mwana wa Shela
Kwa heshima zote, Fundi, wateja wetu hawana kifaa hicho. Mgeni huchagua chumba akiwa na simu mkononi, na simu nyingi zenye skrini ya aina ya OLED hutoka dukani zikiwa zimewekwa kwenye rangi kali, hata mchanga wa ufukweni ukaonekana kama umetiwa manjano ya mchuzi. Mimi huhariri, nikaitazama picha kwenye simu zaidi ya moja, nikapunguza panapozidi. Sioni haja ya kugharimia skrini ambayo mteja hataiona kamwe.

Fundi wa Mkomani
Kutazama kwenye simu ni jambo jema, dada yangu, lakini kuwe kwa kuhakiki tu. Simu za wateja hukosea kila moja upande wake, na hilo haliko mikononi mwetu. Skrini ya mhariri ikielekea buluu, ataongeza umanjano kwenye faili yenyewe bila kujua, na umanjano huo utaifuata picha hadi kwenye kila simu, ukijumlishwa na kosa la simu hiyo.

Mchapaji wa Malindi
Niongeze la upande wa karatasi. Malalamiko mengi ya kwamba picha imechapwa ikiwa na giza huanzia kwenye mwangaza. Mtu hukaa karibu na dirisha au barazani, jua la pwani likamlazimisha kuupandisha mwangaza hadi mwisho, akaiona picha imezidi kung'aa, akaipunguza. Nayo karatasi, isiyokuwa na mwanga wake yenyewe, inatoka nyeusi. Kuhamia chumba chenye mwanga usiobadilika hakuna gharama, na kwa maoni yangu kunatangulia kifaa chochote.

La pili ni aina ya paneli, na hapa sikubaliani na Fundi kwamba kifaa kianze. Mpigapicha, fungua picha yenye rangi ya kijivu na nyingine ya buibui, kisha inua kichwa na ukiteremshe polepole. Zikibadilika, huenda paneli yako ni ya TN, ambayo rangi zake hufuata pembe ya macho, na profaili iliyopimwa kutoka mbele haitakufaa utakapojiegemeza kitini. Hapo anza na monita ya IPS, aina ya paneli ambayo rangi zake hazibadiliki sana kwa pembe, hata iliyokwisha kutumika.

Mpigapicha wa Langoni
Nimejaribu, na weusi wa buibui umegeuka kijivu nilipoinua kichwa tu. Basi nitaanza na monita ya IPS. Je, wapiga picha kadhaa wa hapa mjini tukichangia kifaa kimoja, kitatufaa sote?

Fundi wa Mkomani
Kwa paneli ya namna hiyo nakubaliana na Mchapaji. Kifaa mnaweza kuzungushiana, lakini profaili ni ya skrini iliyopimwa, tena kwa mwangaza ule ule. Ukigusa kitufe cha mwangaza baadaye, kipimo hakifai tena. Iache skrini iwake nusu saa kabla ya kupima, uzime hali ya usiku na mwangaza unaojirekebisha wenyewe, na urudie kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Picha za intaneti zihifadhi katika sRGB, profaili ya sRGB (si ile ya skrini yako) ikiwa imo ndani ya faili. Naye mwenye nyumba ya Shela mwombe afungue menyu ya monita yake na kuchagua sRGB au kelvini 6500, kwani monita nyingi zina chaguo hilo, na huenda umanjano wa ukuta wake ukapungua hata kabla hujanunua chochote.