Jioni za mjini: mnafanya nini ili zisipite bure?

Mgeni wa Jiji aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24, na huu ni mwaka wa pili tangu nipate kazi na kuhamia katika jiji ambalo sina jamaa wala rafiki niliyekua naye. Kazi yangu ni ya mezani. Natoka saa 11 jioni, napanda basi, na kabla ya saa 1 usiku nimeshafunga mlango wa chumba changu. Kuanzia hapo hadi usingizi unichukue, nimeshika simu. Sisemi kwamba nina huzuni, lakini juzi mwenzangu wa kazini aliniuliza nilivyomaliza wiki, nikatafuta cha kumweleza nikakosa. Nilikuwa nimepumzika siku mbili nzima, na hakukuwa na hata jambo moja la siku hizo nililoweza kulikumbuka.

Sitafuti kumbi za starehe, kwa sababu mshahara wangu una kazi nyingine, na kelele za muziki huniacha nimechoka kuliko nilivyokwenda. Natafuta vijisafari vidogo ambavyo mtu anaweza kuvifanya baada ya kazi au siku ya mapumziko, akarudi nyumbani ana la kusimulia. Nimejaribu kutembea tu bila mpango, lakini baada ya dakika 20 hujikuta nimerudi katika njia ileile ya kituo cha basi, na simu imeshatoka mfukoni. Wenzangu mnaoishi mijini, ninyi mnafanya nini? Na mlianzaje?

Mwendapole alijibu:

Ndugu Mgeni wa Jiji, nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu miaka sita iliyopita ningeweza kuliandika mimi. Naona tatizo lako liko katika hilo neno “tu”. Mtu anayetembea tu, miguu humrudisha katika njia inayoijua, maana akili haijapewa kazi yoyote. Jipe sharti, hata kama ni la kitoto, kisha ulitii.

Sharti langu la kwanza lilikuwa hili: kila Jumamosi nipande basi la njia ambayo sijawahi kuipanda, nikae hadi kituo cha mwisho, kisha nirudi kwa miguu mpaka nichoke ndipo nipande tena. Siku ya kwanza nilishuka mahali ambapo abiria tulikuwa tumebaki wawili. Dereva alizima injini, akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo cha mbele taratibu kutoka kona moja hadi nyingine, kama mtu anayefuta meza ya nyumbani kwake, na nikatambua kwamba kwa miaka yote ya kupanda mabasi sikuwahi kumwona dereva akiwa amesimama. Nyuma ya kituo palikuwa na mtaa ambao barabara zake zote zimepewa majina ya ndege. Nilitembea pale karibu saa nzima nikijaribu kubahatisha ndege atakayefuata kwenye kona inayokuja. Nilipatia mara tatu, na majina yale nayakumbuka mpaka leo.

Baadaye nilinunua ramani ya karatasi nikaibandika ukutani, na kila barabara ninayoimaliza kwa miguu naipaka rangi kwa penseli nyekundu. Ramani ya kwenye simu haifai kwa jambo hili, kwa kuwa inakuonyesha unakokwenda na haikuonyeshi usikowahi kufika. Yale maeneo meupe yaliyobaki ndiyo yanayonitoa nyumbani.

Ukichoka na mabasi, tumia sarafu. Kwenye kila njia panda irushe, upande mmoja ni kulia na wa pili ni kushoto. Wazo la kuiacha njia ikuongoze si geni. Katika miaka ya 1950 mjini Paris, mwandishi Mfaransa Guy Debord na wenzake waliuita mwendo wa namna hiyo *dérive*, wakaufanya kwa bidii kana kwamba ni taaluma, na yeye alipendekeza watu waende wawili au watatu wanaoelewana, ili waweze kulinganisha walichokiona. Kwa hiyo si lazima uwe peke yako. Huyo mwenzako aliyekuuliza habari za wiki, mwalike.

Bundi wa Ghorofani alijibu:

Mwenzangu amezungumzia miguu, nami niongeze shingo.

Naishi ghorofa ya juu katika mtaa wenye taa nyingi kiasi kwamba nyota ni za kuhesabu kwa vidole. Kwa muda mrefu niliamini kwamba anga ni neema ya watu wa mashamba, na sisi wa mjini tumeshaikosa. Sivyo. Mwezi, na sayari kama Zuhura, Mshtarii na Mirihi inapokuwa karibu, hupenya mwanga wa jiji bila shida, na kuna kitu kingine ambacho mara nyingi hung'aa kuliko karibu nyota zote, nacho ni Kituo cha Anga cha Kimataifa. Kituo hiki kimekaliwa na watu bila kukatika tangu Novemba 2000. Kinaruka kama kilomita 400 juu yetu na kuizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Mwanga tunaouona si wa taa zake, ni wa jua linalopiga kwenye mabawa yake ya kukusanya umeme, ndiyo maana huonekana alfajiri au mara baada ya magharibi, wakati giza limetufunika sisi wa chini na kule juu jua bado lipo. NASA, shirika la anga la Marekani, hutangaza bure kwenye intaneti saa kitakapopita juu ya kila eneo na upande kitakakotokea.

Naomba usidharau jambo hili kabla hujaliona. Unapanda juu ya paa dakika kumi kabla ya saa iliyotajwa, macho yazoee. Kisha, upande uleule ulioambiwa, inachomoza nukta nyeupe isiyopepesa, isiyo na sauti, inayokwenda kwa mwendo mmoja kama iliyovutwa na uzi. Ndege huwa na taa za kuwaka na kuzima, hiki hakina. Kinapita kwa dakika chache, nadra kuzidi sita, na safari nyingine hakifiki upeo wa pili: kinaingia katika kivuli cha dunia, kinafifia, kinakuwa chekundu kidogo, halafu kinatoweka katikati ya anga tupu. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilibaki nimesimama palepale, na nilikuwa na haja kubwa ya kumwambia mtu.

Ukipata kuazima darubini ya macho mawili, iegemeze ukutani ili mikono isitetemeke, uielekeze kwenye Mshtarii. Utaona vinukta vidogo vimejipanga kwenye mstari kando yake. Hiyo ndiyo miezi ambayo Galileo aliiona Januari 1610. Rudi kesho yake uangalie tena, utakuta mpangilio umebadilika. Mimi huichora kila siku kwenye daftari, nukta nne na duara moja, na mchoro wa usiku mmoja hauchukui hata dakika mbili.

Dirishani alijibu:

Kaka zangu, ushauri wenu ni mzuri na nimeufurahia, ila naomba niseme jambo kwa niaba ya dada watakaosoma hapa. Kushuka kituo cha mwisho usichokijua jua likielekea kuzama, ukaanza kurudi kwa miguu, ni hesabu tofauti kwangu kuliko kwa Mwendapole. Sikatazi mtu. Mimi vijisafari vyangu nimevihamishia asubuhi ya Jumamosi, kuanzia saa 12, wakati barabara zina nafasi na mwanga upo. Humwandikia dada yangu ninakokwenda na saa ya kurudi, sitoki simu ikiwa na chaji chini ya nusu, na hiyo simu hukaa mkobani hadi iwepo haja yake. Niliyaweka masharti haya baada ya siku moja kupotea huku simu imezima, nikazunguka muda mrefu nikiogopa hata kuuliza njia. Tangu niyaweke natoka mara nyingi zaidi, kwa sababu sibishani tena na nafsi yangu mlangoni.

Lakini nilichotaka hasa kukueleza, mdogo wangu, ni kwamba si lazima uende popote. Chagua mahali pamoja penye watu, keti, na kwa saa nzima andika kila unachokiona, hasa vile visivyo na maana. Mwandishi Georges Perec alifanya hivyo mwezi Oktoba 1974 katika uwanja wa Saint-Sulpice mjini Paris. Alikaa siku tatu akiandika namba za mabasi yaliyopita, njiwa walioruka, na watu waliobeba hiki na kile. Nilipoisikia habari hiyo nilidhani ni kazi ya kuchosha. Nikajaribu, na dakika 15 za kwanza kweli zilichosha. Baada ya hapo macho hufunguka.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi linalotazama njia ya watu wa miguu, na mbele yangu palikuwa na jiwe moja la njia lililoinuka kidogo. Watu 14 walipita. Kumi na mmoja waliinua mguu pale pale bila kutazama chini, mmoja wao akizungumza na simu, na watatu walijikwaa. Nikaelewa kwamba wale 11 ni wa mtaa huu na watatu ni wageni, na kwamba mwili wa mtu hulijua jiji lake kwa namna ambayo mwenyewe hawezi kuieleza. Siku hiyohiyo, upande wa pili, nilimtazama fundi viatu. Kila alipoletewa kiatu, kabla ya kukigeuza aone kilipoharibika, alitia mkono ndani na kupapasa, kwanza kidoleni, kisha kisiginoni. Nilipomuuliza akaniambia anatafuta mahali ambapo mwenye kiatu anakanyagia, kwa sababu akishona bila kujua hilo kitakatika tena palepale. Nimepita mbele ya kibanda chake kila siku kwa miaka mitatu. Sasa tunasalimiana kwa majina.

Daftari langu la saa hizo za kuketi limejaa, nimeanza la pili.

Jumamosi Asubuhi alijibu:

Yote yaliyosemwa ni ya mtu mmoja au wawili, na kijana ametueleza mwanzoni kwamba hana rafiki katika jiji hilo. Kwa maoni yangu hilo ndilo la kwanza kushughulikiwa. Atafute kitu kinachofanyika siku ileile, saa ileile, kila wiki, na kisichohitaji mwaliko, maana urafiki wa ukubwani huota kwa kuonana mara kwa mara. Mfano ninaoujua vizuri ni parkrun. Ilianza tarehe 2 Oktoba 2004 katika bustani ya Bushy Park, London, wakimbiaji wakiwa 13, na sasa hufanyika katika nchi nyingi: kilomita 5 kila Jumamosi asubuhi, bila malipo, na anayetaka kutembea anatembea. Kama haipo ulipo, tafuta wanaocheza sataranji bustanini, kwaya, au kikundi cha usomaji kwenye maktaba ya umma. Nenda mara nne kabla ya kuamua kama pamekufaa. Mara ya kwanza kila mtu ni mgeni, na mara ya pili bado hawalikumbuki jina lako.

Mgeni wa Jiji aliandika tena, wiki tatu baadaye:

Nawashukuru nyote, na naona ni haki yenu kujua nilichokifanya.

Basi nimelipanda mara mbili. Safari ya kwanza haikuwa na lolote la ajabu, kituo cha mwisho kilikuwa ukuta mrefu na uwanja wa kuegesha magari, nikarudi nimekata tamaa kidogo. Ya pili nilikwenda na yule mwenzangu wa kazini. Tulirusha sarafu kwenye njia panda tisa, ikatufikisha kwenye daraja la waenda kwa miguu juu ya reli, tukasimama hapo hadi treni mbili zikapita chini ya miguu yetu na vyuma vya daraja vikatetemeka mikononi. Kumbe naye alikuwa na wikiendi kama zangu. Ushauri wa Dirishani wa kukaa saa nzima nimeujaribu mara moja, na nimeishia dakika 35. Nitarudia. Jumamosi Asubuhi, nimeanza na kikundi cha maktaba, na hii inayokuja ni mara yangu ya pili.

Ila lililonishika ni la Bundi. Jumatano nilipanda juu ya paa la jengo letu, mahali ambapo sikuwahi kufika ingawa funguo iko kwangu tangu nihamie. Niliwakuta watoto wa jirani wa chini wakianua nguo, wakaniuliza nasubiri nini. Nikawaambia kwamba baada ya dakika nne watu wanaoishi angani watapita upande ule. Mkubwa wao hakuniamini. Kilipochomoza aliiacha kamba ya nguo, akakifuata kwa kidole bila kusema neno, na kilipofifia juu yetu mdogo wake aliuliza kama wameanguka. Nikawaeleza kuhusu kivuli cha dunia kama nilivyoelewa kwenu, nikichora kwa chaki kwenye sakafu ya paa.

Ijumaa kitapita tena saa 12 na dakika 48 jioni, kutokea kusini-magharibi. Mama yao amenisimamisha ngazini leo akaniuliza kama na yeye anaweza kuja.