Makongamano ya usalama na uimara wa mitambo: elimu au posho?

FundiRilei:
Wadau habari za jioni, naomba mawazo bila matusi. Ofisini kwetu (sitaji, msinilazimishe) kuna kafungu kadogo ka mafunzo kila mwaka. Mwaka 2025 kalikwenda chote ESREL, ule mkutano wa kila mwaka huko Ulaya wa watu wa usalama na uimara wa mitambo, safari hii ulikuwa Stavanger, Norway. Akaenda bosi na mhasibu. Mhasibu jamani! Wakarudi na mabegi ya kitambaa na ripoti ya kurasa mbili, moja ni picha. Huku kituoni jenereta ya akiba hatujui hata kama inawaka, na ukifungua daftari la matengenezo kila wiki imepigwa tiki "ipo sawa", tiki zote kalamu moja ya kijani mwandiko mmoja, hadi ile wiki kituo kilifungwa hakuna aliyeingia. Sasa swali langu, haya makongamano yanatusaidia kitu au hizo hela zingenunua vipuri? Nawasilisha.

BintiKigamboni:
Mleta mada unachanganya mambo mawili, bosi mbaya na kongamano baya. Mimi nimeshakwenda RAMS, ile ya Marekani ya kila Januari, na sikwenda kutalii. Kitu kilichonifungua macho sikukipata hata ukumbini, nilikipata kwenye foleni ya chai, jamaa wa reli anaeleza walivyokuwa na jenereta mbili wakijiona wako salama kumbe zote zinawashwa na betri moja. Betri ikafa, zote kimya. Niliporudi kazini kitu cha kwanza nikaenda kuangalia za kwetu. Hiyo hupati kwa kukaa unalalamika.

Mzee_wa_Nansio:
Wanangu mimi si injinia, niko Ukerewe. MV Nyerere ilipopinduka pale karibu na Ukara Septemba 2018 ilikuwa siku ya gulio, kivuko cha watu 101, waliokufa walipita 220. Hapo mlitaka kongamano la nini? Palitakiwa mtu wa kusimama mlangoni ahesabu vichwa, akifika 101 afunge mnyororo hata kama anayebaki nje ni shemeji yake. Na kabla ya hapo tulishaizika MV Bukoba 1996. Mtu wa kuhesabu hafundishwi Norway.

BintiKigamboni:
Mzee shikamoo, poleni sana. Ila na huyo wa mlangoni lazima awepo mtu wa kumlinda akikataa abiria, na hiyo ndiyo mada yenyewe ya haya makongamano, siku hizi wanaongelea watu na mamlaka kuliko nati na bolti.

Mzee_wa_Nansio:
Marahaba. Basi waje waongelee huku kwetu Bugolora, ukumbi upo.

KijanaWaUdom:
Mnaenda mbali. Enzi za Magufuli safari za nje zilibanwa mpaka uwe na kibali, mitambo iliharibika zaidi? Waangalieni majirani zetu Wakenya, wahandisi wao ndio wanaoongoza kwa suti na makongamano, lakini nchi nzima ilizimwa na tumbili mmoja 😂😂

Omosh_254:
Hapo sasa. Nilikuwa nasoma pole pole nikijua lazima Mtanzania ataleta tumbili. Nyinyi watu wa bongo hamna story ingine? Hiyo ilikuwa 2015 huko, stima ilipotea dakika kadhaa ikarudi, mpaka leo mnacheka.

dokta_wa_transfoma:
Ni Juni 2016, na ilikuwa zaidi ya masaa matatu, siyo dakika. KenGen wenyewe, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, walitoa taarifa. Tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, ikatripu, yaani ikajizima yenyewe. Lakini kijana wa Udom naye anakosea, tumbili hakuzima nchi. Tumbili alizima transfoma MOJA. Ilipotoka hiyo, mashine nyingine za hapo zikabebeshwa lodi isiyo yao nazo zikatoka, megawati zaidi ya 180 zikaondoka kwenye gridi kwa mpigo, ndipo nchi ikalala. Swali la injinia ni kwa nini transfoma moja iweze kushusha kituo, na kituo kimoja kishushe nchi. Leo tumbili, kesho tawi la mti.

KijanaWaUdom:
Kwa hiyo tumbili hana kosa?

dokta_wa_transfoma:
Hana. Na alipona, KWS, watu wa wanyamapori wa Kenya, wakamchukua.

Omosh_254:
Asante dokta. Na uwaambie pia kuna fensi ya stima pale, walisema hicho ni kisa kimoja tu. Sasa wacha niulize, Jumatatu ya Pasaka 2024 gridi yenu ilipoanguka, mpaka Zanzibar wakakaa giza, hiyo ilikuwa mnyama gani? Ama ni malaika?

KijanaWaUdom:
Hiyo ilikuwa hitilafu ya kiufundi.

Omosh_254:
Aaah! Yenu ni hitilafu ya kiufundi, yetu ni tumbili. Sawa.

Abuu_Tanga:
Jamani tumbili tumuache apumzike. Mimi nina swali moja hakuna aliyeligusa. Boeing hawakosi pesa, hawakosi wataalamu, hawakosi makongamano. Lakini ile MCAS ya ndege yao ya 737 MAX, programu inayoshusha pua ya ndege yenyewe, waliiacha isikilize kihisi kimoja tu cha pembe ya ndege wakati ndege inavyo viwili. Ndege mbili zikaanguka. Lion Air Oktoba 2018, watu 189. Ethiopia Machi 2019, watu 157, Wakenya peke yao 32. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akikaa na meza ya FMEA, ile unaandika kila kifaa na kikifa itakuwaje, hiyo anaiona kabla ya chai ya saa nne. Sasa kama waliojaa elimu yote hiyo walipitisha, nyinyi mnaokwenda kula keki na kupiga selfi mtaleta nini?

BintiKigamboni:
Keki? Kaka Abuu kuwa na adabu. Nilijilipia nusu ya nauli kutoka mfukoni mwangu, hakuna posho niliyoonja, na usiku nilikuwa nasoma makala za watu chumbani. Wanaume mkisafiri ni mafunzo, mwanamke akisafiri ni selfi?

Abuu_Tanga:
Dada sijasema mwanamke. Nimesema keki. Jibu la Boeing basi.

BintiKigamboni:
Nitajibu ukishaomba radhi.

Omosh_254:
Huyo Abuu ako na point lakini, tulipoteza watu wengi kwa hiyo ndege. Na hata JKIA, uwanja wetu wa ndege wa Nairobi, Agosti 2023 stima ilipopotea, jenereta ya terminal ikakataa kuwaka, wageni wakakaa giza. Mkubwa wa viwanja vya ndege akafutwa. Jenereta iko, ndio, lakini saa ya kuitwa haiji.

FundiRilei:
Hiyo hiyo! Ndiyo ninayosema ya kwetu. Turudi kwenye mada wadau. Makala za ESREL za miaka ya karibuni ziko wazi mtandaoni bure, mtu anasoma hukohuko kituoni. Kwa nini tumpeleke mhasibu Norway?

MhasibuMkorofi:
Nimevumilia tangu juu, sasa basi. Mhasibu mhasibu, mhasibu amekukosea nini? Anayekata vipuri kwenye bajeti ni nani? Si ndiyo mnasema ni sisi? Basi mwacheni aende akasikie kwa nini havikatwi. Tena nikuulize injinia, hiyo jenereta haijaribiwi kwa kukosa hela au kwa kukosa mtu wa kubonyeza swichi? Kalamu ya kijani ni ya mhasibu?

KijanaWaUdom:
🔥🔥 hii imeingia

FundiRilei:
Wewe hujui kitu. Kuijaribu vizuri unaipa lodi nusu saa hivi, siyo kuiwasha ikanguruma ukazima. Inakula dizeli. Ombi la dizeli ya majaribio linarudi kila mwezi, "halina kifungu". Nani anaandika hivyo, mimi?

MhasibuMkorofi:
Kifungu kipo, mafuta na vilainishi. Shida yenu mnaleta fomu tarehe 29, haina sahihi ya mkuu wa kitengo, haina hata lita ngapi, imeandikwa "dizeli ya kutosha". Ya kutosha ndiyo lita ngapi?

FundiRilei:
Mkuu wa kitengo si ndiyo alikuwa Stavanger na mwenzako!

Mzee_wa_Nansio:
Sasa nyie kumbe mnafanya kazi ofisi moja?

MhasibuMkorofi:
Hapana mzee, ni ofisi zote zinafanana tu. Alete fomu kabla ya tarehe 20, imejazwa vizuri, tuone nani atakataa.

Omosh_254:
Bado nangoja mtu anijibu ya Pasaka.