Mlutheri wa kawaida analazimika kuhubiri stendi, au hiyo ni kazi ya mchungaji na mwinjilisti?

besi_makambako

Bwana Yesu asifiwe wadau. Kamwene kwa walioko Njombe na Iringa, ndaga kwa watu wa Tukuyu.

Mimi ni msharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hapa Makambako, nimebatizwa nikiwa mtoto, kipaimara nimepata, kwaya naimba besi, kazi yangu nauza spea za pikipiki karibu na stendi. Sasa fremu ya jirani kuna jamaa yangu anasali kanisa la kiroho, mtu mzuri sana, hatuna ugomvi wowote, hadi chenji tunakopeshana. Yeye jioni akifunga duka anachukua spika yake ya kuchaji anaenda stendi anahubiri, akirudi ananiambia leo wameokoka wanne, leo wawili, halafu ananigeukia, wewe Mlutheri lini umemleta mtu kwa Yesu? Nakosa jibu kwa kweli. Juzi kanifungulia Mathayo 28, pale Yesu anapowaagiza wanafunzi waende wakawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi, akasema kaka hili siyo ombi ni agizo, asiyehubiri anamwasi Bwana.

Nikaenda kwa mzee mmoja wa kanisa, akanambia we toa sadaka ya misioni inatosha, mahubiri yana wenyewe, mambo ya kushika maiki barabarani siyo utaratibu wetu. Sikuridhika. Kama Bwana ameagiza, agizo linaishiaje kwenye kola ya mchungaji? Ila na mimi nikijiwazia nimesimama pale katikati ya wapiga debe na wauza karanga, miguu inaisha nguvu.

Naomba majibu ya Kilutheri hasa, tusije tukaanza kutukanana madhehebu.

mzee_wa_mtaa_Njombe

Amina mdogo wangu. Huyo mwenzangu aliyekujibu amechanganya vitu viwili, na nasema hivo nikiwa mzee wa kanisa mwenyewe. Kuna utumishi wa kuhubiri hadharani na kuna kushuhudia. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ile hati ya imani yetu Walutheri, kifungu cha 14 kinasema mtu asifundishe hadharani kanisani wala kutoa sakramenti kama hajaitwa kwa utaratibu. Hapo ndo watu wetu wanapong'ang'ania. Lakini kifungu kinasema juu ya mimbari na madhabahu, hakijakuziba mdomo dukani kwako. Kiliwekwa ili kila mtu asijiamulie tu uchungaji, na huku kwetu sote tunajua hali ilivyo, mtu anagombana na kanisa lake kwa hela ya harambee, mwezi haujaisha kafungua kanisa kwenye banda la mahindi na keshakuwa nabii.

Martin Luther mwenyewe, aliyeanzisha matengenezo ya kanisa letu, alishaligusa swali lako mwaka 1523. Alisema Mkristo akiwa mahali ambapo hakuna Mkristo mwingine, hahitaji wito mwingine wowote zaidi ya kuwa Mkristo, upendo tu unamdai awafundishe injili wale wasioijua hata kama hakuna mtu aliyemwita. Ila akiwa penye Wakristo wenzake asijipachike mbele, asubiri waliopo wamwite. Sasa we niambie stendi ya Makambako ni pahala pa aina gani kati ya hizo mbili 😀 alfajiri pale kuna abiria wa Songea, wa Mbeya, wa Dar, nusu yao wana cheti cha ubatizo nyumbani na hawajui kiko sanduku gani.

Kingine, 1 Petro 2:9 haijasema wachungaji, imesema ninyi ni ukuhani wa kifalme, mpate kuzitangaza fadhili zake. Luther alilisimamia hilo tangu 1520, kwamba ubatizo umetufanya wote kuwa makuhani. Kwa hiyo kukaa kimya hadi kufa halafu useme ni utaratibu wa Kilutheri, hapana, huo uvivu tumeubatiza sisi wenyewe.

mlokole_Uyole

Shalom. Mimi siyo Mlutheri ila mama yangu mzazi ni Mlutheri hadi leo kwa hiyo nivumilieni. Mzee wangu hapo juu umesema vizuri, lakini vifungu vifungu hivi ndo vinawalaza. Filipo alichaguliwa Matendo 6 kugawa chakula mezani, sura ya 8 tu yuko Samaria anahubiri na mji mzima una furaha. Na Mdo 8:4 wale waliotawanyika wakaenda huko na huko wakilihubiri neno, mstari wa kwanza unasema mitume walibaki Yerusalemu. Yani viongozi wamebaki makao makuu, waumini wa kawaida ndo wanaeneza injili. Hao kibali waliomba kamati gani?

Kwetu mtu akiokoka leo, kesho anashuhudia, hata kama hajui mistari. Kwenu mnamfundisha kijana kipaimara mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, siku yenyewe keki, mziki, mbuzi kachinjwa, jumapili inayofuata ukimtafuta humuoni. Msikasirike, nasema ninachokiona hapa Uyole.

mwinjilisti_Makete

Mlokole Uyole hukasirikiwi, hapo kwenye kipaimara umetupiga penyewe. Na Mdo 8 umeisoma sawa. Mi ni mwinjilisti, natembea mitaa ya huku juu kwa mguu na pikipiki, ukungu ukishuka Makete hata mbwa hutoki naye, kwa hiyo kuhusu uvivu sina cha kumtetea mtu.

Niwaambie kitu ambacho wengi hawakijui. Hii hoja ya kwamba agizo la Mathayo 28 halituhusu ni ya zamani sana kwetu Walutheri. Katikati ya miaka ya 1600 kitivo cha teolojia cha Wittenberg, Wittenberg hiyo hiyo ya Luther, kilitoa maoni kwamba agizo la kwenda ulimwenguni kote lilikuwa la mitume na lilishatimizwa. Mwaka 1664 akatokea mtu anaitwa Justinian von Welz akaandika akiwalilia Walutheri wapeleke injili nje, wakubwa wa kanisa wakamwona mtu wa ndoto tu, akaishia kwenda mwenyewe Suriname akafia huko. Ilikuja kufika 1706 ndo Ziegenbalg na Plütschau wakatua Tranquebar, India, na aliyewatuma alikuwa mfalme wa Denmark. Kwa hiyo huyo mzee wa Makambako aliyemwambia kijana mahubiri yana wenyewe, amerudia hoja ya kizamani bila kujua.

Na sisi wenyewe tusingekuwepo. Mwaka 1891 wamisionari wa Kilutheri wa misioni ya Berlin, Ujerumani, wakiongozwa na Merensky waliingia Unyakyusa kupitia Ziwa Nyasa, mwaka huo huo Wamoraviani, kanisa jingine la Kiprotestanti, wakajenga Rungwe, wakagawana maeneo wasigombanie watu (jambo ambalo leo tungelihitaji sana pale stendi). Toka huko Waberlin wakapanda Ukinga, wakaingia Ubena na Uhehe. Lakini sikilizeni sehemu ninayoipenda mimi. Vita ya Kwanza Waingereza walipoingia nyanda hizi 1916, wamisionari Wajerumani wakakamatwa wakaondolewa. Waskoti wa misioni ya Livingstonia ya ng'ambo ya Ziwa Nyasa walikuja kusaidia baadaye, ila watu waliobaki na zile sharika na shule ni walimu wetu, Wakinga, Wabena, Wanyakyusa, wengi hawajawekewa mikono na mtu kuwa wachungaji. Walifundisha, walizika, walisali na watu majumbani. Wazungu wa Berlin walirudi baada ya miaka karibu kumi wakakuta kanisa lipo. Hapo Luther wa 1523 anaonekana kwa macho kabisa.

Sasa nije kwa hesabu za wanne na wawili. Hapa ndo Mlutheri ana neno lake, na siyo dharau. Katekisimu Ndogo ya Luther, kile kitabu cha mafundisho ya kipaimara, maelezo ya sehemu ya tatu ya imani, tunakiri kwamba siwezi kwa akili zangu wala nguvu zangu kumwamini Yesu, ila Roho Mtakatifu ameniita kwa injili. Augsburg kifungu cha 5 kinasema Mungu kwa neno na sakramenti anampa Roho, naye anazaa imani mahali na wakati apendapo yeye. Apendapo yeye, siyo saa spika yangu ina chaji. Mpiga debe analipwa kwa vichwa alivyoingiza kwenye gari, sisi hatulipwi kwa vichwa. Paulo kapanda, Apolo katia maji, mwenye kukuza ni Mungu. Ukilielewa hili unahubiri bila presha na bila kujisifu, na hata mtu akikukatalia hulali na jiwe kifuani.

Halafu soma Mathayo 28 hadi mwisho. Mkawafanye kuwa wanafunzi, mkiwabatiza, na kuwafundisha kuyashika yote. Hao wanne wa jioni ile, jumapili wako wapi, nani anawafundisha? Na kama kati yao kuna aliyebatizwa Ilembula akiwa mtoto, huyo siyo mtu mpya, ni mtoto wa nyumbani anayerudi kwenye ubatizo wake, tushangilie tu, hamna haja ya kumwandika upya.

mlokole_Uyole

Mtumishi umesema, kwenye ufuatiliaji tuna shida, sikatai. Ila bado nasema afadhali anayepanda bila kufuatilia kuliko asiyepanda kabisa. Ubatizo wa watoto tuuache leo tutakesha 😂

muuguzi_Tukuyu

Ndaga fijo baba mwinjilisti kwa hiyo historia. Naongeza kama mwanamke na kama mfanyakazi wa wodini, maana nyie wote mnajadili stendi kama vile injili haina mahali pengine.

Marko 5 yule mtu aliyetolewa jeshi la pepo aliomba afuatane na Yesu. Yesu akamkatalia! Akamwambia, "Enenda zako nyumbani kwako, kwa watu wa kwenu." Yani wapo wanaotumwa mbali na wapo wanaorudishwa kwa mume, kwa wifi, kwa majirani wanaomjua alivyokuwa. Na kwa wifi ni kugumu kuliko stendi, msidanganyike, stendi hakuna anayejua kama jana ulimtukana mtu.

Mimi kazi yangu Luther angeiita wito, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulala, kupima presha, kubadilisha shuka usiku. Hiyo tayari ni kumtumikia Mungu, sihitaji kuiongezea mahubiri ndo iwe takatifu. Lakini siyo injili. Injili lazima isemwe, Warumi 10 imani chanzo chake ni kusikia, shuka safi peke yake haimwambii mtu kwamba Kristo amekufa kwa ajili yake. Kuna watu wanajificha hapo pia, oh mi nahubiri kwa matendo yangu, miaka ishirini hajawahi kutamka jina la Yesu mbele ya mtu.

Ila na hili nalo. Mgonjwa yuko kitandani, dripu mkononi, hawezi kunyanyuka akaondoka. Nimeona watu wanaingia wodini saa ya kutazama wagonjwa wanamwekea mtu mkono kichwani hata jina hawajamuuliza, wanapaza sauti, wa kitanda cha pili Mwislamu wa watu amejifunika khanga usoni. Siyo sawa. Petro kasema muwe tayari kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu. Mi nauliza kwanza, bibi ungependa tusali? Akisema hapana namwekea maji karibu naendelea na kazi. Wengi usiku wa manane wanauliza wenyewe, hasa anayesubiri kwenda theatre asubuhi, anakuita nesi njoo kidogo, hataki dawa, anataka mtu. Hapo usianze kutafuta namba ya mchungaji, wewe ndo umeulizwa.

besi_makambako

Aisee nashukuru sana wote, mama Tukuyu hapo mwisho umenigusa. Sasa nawauliza kitu kimoja tu cha vitendo. Kuna fundi mmoja ananunua spea kwangu karibu kila siku, zamani tulikuwa naye kwaya, mke wake alifariki na toka hapo kanisani hakanyagi, siku hizi ni ulanzi (pombe ya mianzi) tu toka saa nane mchana. Nikimwona nataniana naye mambo ya Simba na Yanga basi. Nianzeje? Nikimwambia habari za kanisa naogopa atahamia duka lingine 😅

mzee_wa_mtaa_Njombe

Akihama duka utakuwa umepoteza mteja wa plagi na bati za breki, utapona. Usianze na ulanzi. Ukianza na ulanzi umemletea sheria, yani neno la kumhukumu, mtu ambaye sheria inamchapa kila usiku akilala peke yake, na injili ndo hajaisikia bado. Muulize habari za marehemu, mtaje kwa jina. Nahisi toka msiba uishe hakuna anayemtajia, watu wanaogopa.

mwinjilisti_Makete

Naunga mkono mzee. Nenda kwake siyo dukani, dukani ana haraka na wewe una wateja. Mwambie ukweli kwamba besi mmepwaya tangu aondoke. Akikufungulia moyo msikilize, usimkatize na mstari. Ukifika wakati wa kusema, sema kwa kifupi kwamba Kristo hajamfuta, ubatizo wake uko pale pale, na Meza ya Bwana ni kwa ajili ya watu wa namna yake na yako. Akikuuliza kwa nini Mungu alimchukua mke wake, jibu sijui, kwa sababu hujui kweli. Usimjibu na maneno ya msibani.

Halafu mwalike jumuiya, siyo ibada kuu, kanisani ataona watu wote wanamgeukia. Jumuiya mko watu kumi sebuleni, mnapitisha chai, anakaa kona anayotaka. Mwambie na mchungaji wako mapema, siyo kuomba ruhusa, ni ili awe tayari fundi akitaka kuzungumza naye.

Na kuhusu stendi, kama bado unawaka moto, peleka hoja kwenye kamati ya uinjilisti na misioni ya usharika, kwaya iende, mwinjilisti wenu ahubiri, kibali cha mkutano mfuatilie mapema. Wewe utapangiwa kukaa na watakaobaki na maswali, andika namba zao za simu, na jumatatu upige.